Betri Zilizoshuka Adhuhuri

Jua la saa sita lilikuwa limesimama wima juu ya shamba la Abu Nasir, joto limefika pale ambapo hata mbuzi wamenyamaza, na bado betri zilikuwa zinashuka.

Elphas Wafula aliitazama mita tena. Alikuwa fundi wa sola kwa miaka kumi na mmoja, saba kwao Bungoma na minne hapa Saudia, na hakuwahi kuona kitu kama hiki. Asubuhi paneli zilikuwa zikijaza betri vizuri, namba zikipanda polepole kama zinavyotakiwa. Ilipofika adhuhuri, saa ambayo jua hutoa nguvu zake zote, namba zikasimama. Halafu zikaanza kurudi nyuma. Hamsini na tano. Hamsini na mbili. Arobaini na tisa. Zilipofika arobaini na sita, jenereta iliyokuwa nyuma ya ukuta ikajiwasha yenyewe, kama ilivyotegwa kufanya betri zikikaribia kuisha, ikaanza kuzijaza kwa dizeli mchana kweupe.

"Umeona?" Morgan alisema akiwa mlangoni. "Kila siku. Saa hii hii."

Morgan alikuwa mlinzi wa shamba, mtu wa Kisumu wa miaka arobaini na kitu, na alikuwa ameishi hapo peke yake miezi minane. Kitambulisho alichovaa kifuani kilikuwa na picha ya mtu mwenye mashavu. Mtu aliyesimama mlangoni hakuwa nayo. Shati la kazi lilimning'inia kama limeanikwa kwenye kamba.

"Unaumwa?" Elphas aliuliza.

"Siumwi, fundi. Nimechoka tu. Nalala nimechoka, naamka nimechoka zaidi."

Elphas hakuona ajabu. Nani hakuchoka? Yeye mwenyewe alikuwa ametoka Al-Suwaidi, upande wa magharibi wa Riyadh, kabla ya alfajiri, akaendesha gari karibu saa mbili jangwani na usingizi wa saa tatu machoni. Lakini kazi hii aliitaka. Juzi yake Abu Nasir, kafili wake, mwajiri aliyeshika vibali vyake, tena mwenye shamba, alimwita ofisini akamwambia, "Elphas, mafundi wawili wamekwenda, betri nimebadilisha mara mbili, mafi faida. Wewe tengeneza shamba, mimi natia sahihi, halas, unahamia Jeddah kwa mke wako."

Sellah, mke wake, alikuwa mtaa wa Al-Nuzha huko Jeddah, akimtunza bibi mmoja mzee. Nchi ile ile moja, na walikuwa hawajakaa pamoja miaka mitatu. Alimjua kwa sauti ya simu tu, na kwa picha za binti yao Beverly, zile ambazo nyanya yake huwatumia kutoka nyumbani.

Basi akaanza kazi. Alipanda juu ya paa akafuta vumbi kwenye paneli, akatafuta kivuli, hapakuwa na kivuli. Akakaza nati zote. Akapima betri moja moja, zote ishirini na nne, akitafuta ile iliyo mbovu inayozivuta nyingine chini, na zote zikawa nzima. Akaongeza maji yaliyosafishwa. Akakagua mipangilio ya chaji, akabadilisha fyuzi, akachomoa kila kitu kinachokula umeme pale shambani: pampu, chumba baridi cha tende, hata taa ya choo. Ilipofika jioni alikuwa amemaliza kila alichofundishwa na kosa hakuliona.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Chumba cha betri hunuka tindikali. Hiki kilinuka maji. Si maji ya mfereji. Maji ya kisima, yaliyokaa gizani muda mrefu, yenye kuvu. Hapo jangwani, mahali pasipoona mvua karibu mwaka mzima, harufu ile ilimkaa puani mpaka akainama kutafuta bomba lililopasuka. Sakafu ilikuwa kavu.

Alilala chumba cha Morgan, kilichotengwa na betri kwa ukuta mmoja. Alilala saa tisa nzima, jambo ambalo hakulipata tangu afike nchi ile, na asubuhi alipotaka kusimama magoti yakakataa. Akakaa ukingoni mwa kitanda akiwa amejishika kichwa. Morgan alimtazama kutoka kitanda cha pili.

"Sasa umejua," Morgan alisema taratibu. "Si mimi peke yangu."

"Ni joto."

"Sawa. Tuseme ni joto." Morgan akalaza tena kichwa. "Lakini weka sikio hapo ukutani ikifika saa sita. Mimi nilishaacha kusikiliza."

Adhuhuri ya pili Elphas hakungoja nje. Aliingia chumba cha betri, akafunga mlango, akachukua ile mita yenye meno ambayo hubana waya na kusoma umeme unaopita ndani. Akabana waya wa paneli: umeme unaingia. Akabana waya uendao nyumbani: hakuna. Umeme unaingia, hautoki, na betri zinashuka. Akasimama katikati ya chumba akitiririkwa na jasho, akijiuliza ni waya gani amesahau.

Ulibaki mmoja. Waya wa ethi, ule mnene wa kijani unaoshuka ardhini kulinda watu wasipigwe na umeme. Waya huo haupaswi kubeba chochote. Ni kama mlango wa dharura. Upo, lakini hakuna anayepita. Aliubana kwa kutimiza wajibu tu.

Ampea arobaini.

Alifikiri mita imeharibika. Akaitoa, akairudisha. Arobaini. Halafu sifuri. Halafu arobaini. Halafu sifuri. Umeme haukuwa unavuja. Kinachovuja huvuja mfululizo. Huu ulikuwa ukienda na kutulia, ukienda na kutulia, na katika kutulia kule Elphas akasikia, chini ya nyayo zake, sauti aliyoijua tangu utoto, sauti ya mnyama mkubwa aliyeinamisha kichwa mtoni, koo likifunguka na kufungwa, gud, gud, gud, bila haraka, kama kitu chenye kiu ya miaka ambacho kimeshajua kwamba kesho pia kitaletewa, na harufu ya maji ya kisima ikapanda kwa nguvu kiasi kwamba alihisi ubaridi wake kooni, na waya ule wa kijani mkononi mwake, badala ya kupata moto kama waya uliobeba mzigo, ukawa baridi, ukazidi kuwa baridi, mpaka ukatoka umande.

Aliuachia akatoka nje mbio. Nje aliduwaa, jua likimwakia utosini.

Alimpigia Abu Nasir. Hakumwambia alichosikia. Alimuuliza tu chuma cha ethi kilizikwa wapi.

"Aa, hicho!" Abu Nasir alisema. "Mchanga mkavu haufai, fundi wa kwanza alisema lazima chuma kifike penye unyevu. Mimi nikamwonyesha kisima cha babu. Kilikauka zamani, tukafunika kwa zege, tukajenga stoo juu, hiyo hiyo ya betri. Yeye akatoboa zege, akashusha chuma. Kwa nini?"

"Hakuna kitu, bosi. Nakagua tu."

"Babu alikuwa hapendi tukisogelee," Abu Nasir aliongeza, sauti imeshuka kidogo. Kisha akacheka. "Wazee. Yalla, maliza kazi."

Jioni Elphas alikaa kwenye ngazi za nyumba akampigia Sellah. Alikusudia kuongea mengine. Sellah alimsikiliza dakika moja tu.

"Baba Beverly, una nini? Mbona unaongea kama mtu anayepandisha mlima?"

Akamweleza yote, mpaka neno jini likamtoka. Sellah akashusha sauti, maana bibi wake alikuwa chumba cha pili. "Usiseme neno hilo tena kwa simu. Huku mambo hayo hayaongelewi, watu wanafungwa. Kuna mzee hapa duka la dawa, anaitwa Haroub, ni mtu wa Pemba. Ndiye hunipa dawa za bibi. Babu yake alikuwa akitoa... vitu. Ngoja akupigie."

Haroub alipiga baada ya sala ya Isha. Sauti yake ilikuwa ya upole na uchovu wa mtu aliyesimama dukani tangu asubuhi.

"Mwanangu, mimi si mganga. Mimi mfamasia. Lakini alonambia mkeo nnayajua. Huyo alikuwa kalala kisimani mwake, hana habari na mtu. Nyie mkampelekea chuma mpaka kitandani, na ndani ya chuma chakula. Sasa kaonja, hatolala tena. Na umeme ukipungua, anachukua kwa walio karibu. Huyo mwenzio ana muda gani hapo?"

"Miezi minane."

"Ee Mola wangu. Hana mwezi mwengine."

"Nimuondoe?"

"Utamuondoa akiwa kashafungwa? Atakufa njiani. Mpaka kinywa kile kitoke kwenye chuma. Sikiliza. Ukikitoa chuma asubuhi unatoa chuma tu, yeye yuko chini, ashamshika mwenzio. Kitoe adhuhuri, akiwa anakunywa. Weka beseni la maji pale penye tundu, maji matamu, usitie chumvi. Mimi nitakuwa nasoma huku kwenye simu, nawe omba kwa dini yako, Mungu anasikia. Atayaona maji, atakwenda kwenye maji, na maji utayamwaga mbali jangwani. Lakini Elphas..."

"Ndiyo, mzee."

"Atakuuliza. Hao huuliza. Atakuuliza kwa kinywa cha mwenzio, na atakuuliza jambo dogo, jepesi. Usimjibu. Hata akikuuliza jina lako. Hata akikuuliza saa ngapi. Neno lako kwake ni mkataba."

Siku ya tatu, saa tano na nusu, Elphas aliweka beseni la maji sakafuni, karibu na pale waya wa kijani ulipofungwa kwa nati kwenye kichwa cha chuma kilichotokeza kwenye zege. Aliiweka simu juu ya betri, chaji yake imejaa, Haroub upande wa pili akisoma kwa sauti ya chini isiyokatika. Alifunga mikono kwa vitambaa, akashika spana ndefu. Morgan alikuwa amebaki kitandani. Asubuhi hiyo alikuwa ameshindwa kunyanyua kikombe, na Elphas alimnywesha chai kwa kijiko kama mtoto.

Namba zikasimama. Zikaanza kushuka. Chini ya sakafu, gud, gud, gud.

Alilegeza nati ya kwanza. Maji kwenye beseni yakatikisika, yakachora duara, yakatulia. Akalegeza ya pili. Sauti ya Haroub ikaanza kukwaruza, na Elphas alipotupa jicho kwenye simu aliona chaji ikiporomoka mbele ya macho yake, sabini, hamsini, ishirini, ikishuka kwa mpigo ule ule wa lile koo, na Haroub, kama aliyejua, akaacha kusoma akasema haraka, "Elphas, usimj..." na kioo kikawa cheusi.

Kimya kikaingia. Hata jenereta haikuwaka.

Mlango ulifunguka. Morgan alikuwa amesimama, yeye ambaye asubuhi hakuweza kushika kikombe, amesimama wima bila kujishikiza popote, mikono imelala mapajani, macho yamefunguka lakini hayatazami. Maji yalikuwa yakimtoka pembe za mdomo, maji safi, yakitiririka shingoni na kulowesha shati, na hayakuisha.

"Nimechoka," alisema. Haikuwa sauti ya Morgan, wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa macho muda mrefu mno. "Nilikuwa nimelala. Mliniamsha. Tangu mniamshe sijalala."

Elphas aliuma meno. Alikivuta chuma kwa nguvu zake zote. Hakikusogea hata unene wa ukucha.

"Wewe pia umechoka," ile sauti ikaendelea. "Nakusikia ukutani. Unaitwa nani?"

Akavuta tena. Vitambaa vikalowa umande wa baridi. Akaanza kuomba kwa Kibukusu, lugha ya mama yake, maneno yakimtoka yamekatikakatika.

"Ni saa ngapi sasa?"

Akaendelea kuomba. Lakini Morgan akaanza kuinama. Goti moja lilishuka, kisha la pili, na kifua chake, kilichokuwa kikipanda na kushuka, kikawa kinachelewa kupanda. Rangi ya midomo ikageuka kijivu. Elphas alimwona mtu anakwisha mbele yake, hatua mbili tu kutoka alipo, mtu ambaye usiku uliopita alimwonyesha picha ya wanawe watatu na kumuuliza kama Bungoma mahindi yameshapandwa, na maji yale kwenye beseni, yaliyowekwa yamvute jini, yalikuwa yametulia tuli, hayakuguswa, kwa sababu jini yule hakuwa na shida ya maji tena.

"Nataka kutoka tu," ile sauti ikasema, dhaifu sasa, ndani ya kifua kilichokuwa kinanyamaza. "Sijui njia. Nani atanitoa?"

Na Elphas akajibu. Hakufikiri. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili na alichokitaka ni kukitoa, basi.

"Mimi! Mimi nitakutoa! Muache huyo!"

Chuma kikaja juu kama kijiko kinachotolewa kwenye uji. Elphas alianguka chali, mita tatu za chuma zikamwangukia kifuani, na sehemu ya chini, iliyokuwa imezikwa, ilikuwa imemumunywa mpaka ikabaki nyembamba kama sindano ya kufumia. Kutoka kwenye tundu la zege pakapanda pumzi moja ndefu. Harufu ya kisima ikatoweka. Mlangoni, Morgan alikohoa, akatapika maji, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

Namba kwenye mita zilikuwa zinapanda.

Mpaka saa kumi za jioni betri zote zilikuwa zimejaa, mara ya kwanza tangu zifungwe. Elphas alizika chuma kingine mbali kabisa na nyumba, kwenye bustani ya mitende inayomwagiliwa, akaziba lile tundu. Maji ya beseni aliyamwaga jangwani kama alivyoagizwa, ingawa aliona hayakupungua. Morgan alikula sahani tatu za wali, akalala, akaamka akiimba.

Simu ilipopata chaji Haroub alikuwa ameshapiga mara kumi na nne.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, mzee. Morgan mzima."

"Alhamdulillah. Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu?"

Elphas alitazama mikono yake. Alikuwa ameshinda. Alitaka kwenda nyumbani. "Hapana, mzee," alisema.

Abu Nasir alitimiza ahadi. Alimkumbatia Elphas ofisini, akaita watu waje wamwone fundi wa kweli, na ndani ya wiki tano ikama mpya, kibali cha kuishi Jeddah, ilikuwa tayari. Katika wiki hizo Elphas alifanya kazi ya watu wawili bila kuhisi. Alipanda mapaa saa nane mchana akishuka anapiga mluzi. Naftali, aliyelala kitanda cha chini yake pale Al-Suwaidi, alishikwa na homa isiyokuwa na jina na kushindwa kwenda kazini siku kumi. Elphas alimpikia supu kabla ya kuondoka, akasikitika kumwacha katika hali ile.

Ijumaa ya kwanza Jeddah, madamu wa Sellah alimpa ruhusa ya kutwa. Awino, rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi saluni, aliwaachia chumba chake pale pale Al-Nuzha. Miaka mitatu. Sellah alipofungua mlango walisimama wakitazamana kama watu wanaoogopa kukosea nyumba, halafu akacheka, na kicheko kile Elphas alikijua. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amesuka. Alikuwa amepika ugali na sukuma wiki na kuku, na mikono yake ilinukia vitunguu.

Walikula, wakaongea na Beverly kwa simu, wakaongea wao. Halafu Sellah akamwambia, "Laza kichwa hapa, Baba Beverly. Umezunguka sana." Akakiweka kichwa chake mapajani pa mke wake, na feni ikizunguka, na adhana ya adhuhuri ikianza msikiti wa jirani, akalala.

Aliamka akijisikia vizuri. Alijisikia kama alivyokuwa akijisikia akiwa na miaka kumi na minane, asubuhi ya likizo, mwili mwepesi, damu inacheka. Hakukuwa na sehemu yoyote mwilini mwake iliyochoka. Alikaa, akajinyoosha, akageuka kumshukuru.

Sellah alikuwa ameegemea ukuta pale pale alipomwacha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Alijaribu kutabasamu.

"Nipe maji," alisema. "Yako hapo karibu. Nimeshindwa kuyafikia."

Kikombe kilikuwa kando ya mkono wake.

Elphas alimnywesha. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Ndani ya kifua chake, chini ya mapigo ya moyo, kitu kilikuwa kikimeza taratibu, bila haraka.

Akasimama. Akachukua viatu mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Nanunua dawa kwa Haroub. Narudi sasa hivi."

Alishuka ngazi mbio, akatoka barabarani kwenye jua, akatembea. Akapita duka la dawa. Haroub alikuwa ndani anamhudumia mama mmoja mwenye mtoto mchanga begani, na Elphas hakuingia. Akavuka barabara kubwa. Akaendelea mpaka nyumba zikaanza kuachana na kufika kiwanja kitupu cha mchanga na vifusi ambapo hapakuwa na mtu. Huko magoti yakaanza kumuuma. Kisha mgongo. Kisha uchovu wote wa miaka minne ukamrudia, mzito, wake mwenyewe, akakaa juu ya jiwe akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Simu ikalia.

"Baba Beverly," Sellah alisema, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Hata sijui nilikuwa na nini. Ni joto tu. Nimesimama sasa, nimepasha chakula. Rudi basi, siku inaisha."

Elphas alitazama njia aliyokuja nayo.

"Nakuja, Mama Beverly," alisema, akainuka, akaendelea kutembea kule alikokuwa akienda.